Nafasi ya Mlangoni

Jumapili, jioni. Hamugembe.

Mvua haijakatika tangu tutoke uwanjani. Si kubwa, ni ile ya kunyunyiza tu, na ukungu umepanda kutoka ziwani mpaka migomba ya jirani haionekani. Mama yuko jikoni anamenya ndizi. Mimi nimejifungia chumbani na simu yangu.

Tumefungwa. Msimu umekwisha, kombe limekwenda Muleba kwa timu ya walimu, na nadhani aliyesababisha ni mimi.

Nisipoandika leo, kesho nitajiambia kwamba niliota.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Idrisa, ni karani raia katika chuo cha kijeshi kilichoko kilimani, upande wa Kagondo. Sivai sare. Kazi yangu ni ya dirishani. Kadeti aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani anasimama nje ya dirisha, ninamsomea ruhusa yake kwa sauti, anaitikia "Ndiyo," anaondoka. Akirudi, anaripoti kwenye dirisha hilo hilo. Mwaka huu niliongezewa kazi ya kutunza jezi na vifaa vya timu ya mpira ya chuo. Sikuiomba. Sijawahi kupiga mpira ukaenda nilikotaka. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha, na namwomba Mungu Afande asiwe msomaji wa blogu.

Timu yetu ina utaratibu wake. Kabla ya mechi wachezaji hukaa kwenye benchi moja refu katika chumba cha kubadilishia nguo, kila mtu mahali pake, na kipa hukaa mwisho kabisa, mlangoni. Sajini Mapunda, kocha wetu, hapendi pengo. Gwarideni mtu akianguka, mwingine anasogea kuziba, na kwa Sajini benchi nalo ni gwaride.

Kipa wetu alikuwa Projestus, kijana wa Izigo. Mrefu mno, mpole, aliyeinama kwenye kila mlango hata ule ambao haukumgusa. Akisubiri mpira alikuwa akipiga makofi na glavu zake, taratibu, kama mtu anayekung'uta vumbi. Msimu ulipofika katikati akaomba ruhusa kwenda kumwona mama yake. Mimi ndiye niliyemsomea dirishani. Siku ya kurudi alichelewa kuondoka nyumbani, akapanda bodaboda huku mvua inanyesha, akamhimiza dereva awahishe, na pikipiki ikateleza kabla hawajafika barabara kuu. Dereva alivunjika mkono.

Projestus hakuinuka.

Tulimzika nyumbani kwao, ndani ya kibanja, katikati ya migomba na mibuni. Juma lililofuata tukawa na mechi.

Salvatory, kipa wa akiba, aligoma kukaa mlangoni. Alikwenda kukaa mahali pake pa siku zote, mwisho wa pili wa benchi, akaanza kufunga kamba za viatu.

"Afande, kudaka nitadaka," alisema. "Kukaa pale, hapana."

Sajini akalitazama pengo. Kisha akanitazama mimi niliyesimama na mfuko wa jezi.

"Karani, kaa hapo. Nafasi haiachwi wazi."

"Mimi ni raia, Afande."

"Na makalio yako ni ya raia? Kaa!"

Vijana wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi, na nilifurahi kwamba nimewafaa kwa jambo. Nikakaa.

Ubao ulikuwa na joto.

Nilidhani labda mtu ametoka kukaa. Lakini nilikuwa chumbani humo tangu kilipofunguliwa, na hakuna aliyekaribia mwisho ule. Mlango ulikuwa wazi, upepo wa ziwa ulikuwa unaingia, benchi zima lilikuwa la baridi. Pale tu ndipo palipokuwa na joto, kama anapoinuka mtu anayekupisha ukae.

Siku ile hatukufungwa goli. Wala mechi iliyofuata. Wala iliyofuata hiyo.

Nikawa sehemu ya utaratibu. Kila mechi nilikaa mlangoni nikiwa nimepakata glavu za Projestus, na kila mechi ubao ulikuwa umekwisha kupashwa. Vijana walianza kuniita Proje kwa utani. "Proje, sogea!" "Proje, leo usilale!" Niliitikia, kwa sababu kuitikia ni rahisi kuliko kubishana. Salvatory peke yake hakunitania. Tulipokuwa tukirudi chuoni siku moja alikaa karibu nami akasema kwa sauti ya chini:

"Karani, mimi sidaki. Naruka upande usio wenyewe kabisa, nasikia mpira umegonga mikono. Nikitazama, mikono ni yangu."

"Labda umeboreka."

"Mtu akiboreka si anajijua?"

Nilimwambia amezidiwa na mawazo. Sikumwambia kuhusu ubao. Lakini mshambuliaji mmoja wa timu tuliyoifunga Muleba alipita karibu yetu baada ya mechi, akatema mate, akamlalamikia refa kwa mdomo wa kuchekesha: "Hawa wanaruhusiwa makipa wawili, au na wewe umepofuka?" Wenzake walicheka sana. Salvatory alivua glavu zake, akaenda nyuma ya gari, akatapika.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonipeleka pabaya ni siku ya kumaliza matanga.

Timu nzima ilikwenda Izigo. Misa ilisomwa uani, kisha wakubwa wakakaribishwa ndani, nami nikaingia nyuma ya Sajini kwa kuwa nilibeba zawadi. Mimi ni mtoto wa mjini. Babu yangu alikuja Bukoba kutoka pwani, Kihaya changu ni cha sokoni, na desturi za vibanjani nazijua kwa kusimuliwa. Niliingia, nikaona viti na mikeka, nikaona kiti kimoja kifupi cha mti kando ya mlango hakina mtu. Msimu mzima nilikuwa nimefundishwa kwamba mlangoni ndipo pangu. Sikufikiri hata kidogo.

Nikakaa.

Shangazi mmoja akaweka mkono mdomoni. Mama yake Projestus, mwanamke mwembamba mwenye macho makavu, alikuwa anapitisha kikapu cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni. Alikuwa ameanza kwa Sajini. Akamwacha na mkono wake umenyooka, akaja kwangu, akapiga magoti.

"Karibu, waitu," akasema, yaani wa kwetu. "Umechelewa sana. Njia ilikuwa mbaya?"

Nilichukua punje, nikatafuna. Ningefanya nini? Mama wa watu amepiga magoti mbele yako.

"Ilikuwa na utelezi," nikajibu.

Na kweli siku ile njia ilikuwa kavu. Sijui kwa nini nilisema vile.

Nje, mjomba wa marehemu alinivuta kando ya rundo la kuni. Alikuwa mzee wa mzaha, lakini hakutania. Aliniambia kwamba kwao kiti cha aliyekufa hakikaliwi mpaka wazee wakiondoe wao wenyewe. Anayekikalia kabla, akapewa kahawa akaitafuna, amekubali kupokewa mahali pa mwenyewe.

"Sikujua, mjomba."

"Umeona? Umeshaniita mjomba."

"Nimekuita kwa heshima tu!"

"Heshima ni nzuri. Basi uje kumwona mama yako."

Nikawa naenda. Nani angekataa? Mama yake Projestus alikuwa akinipigia simu kila katikati ya juma, anauliza kama nimekula, kama kifua kimepona. Sina kifua. Siku zangu za mapumziko zikawa za Izigo. Ananipikia ebitoke, ndizi za kwao, na maharage, ananitazama nikila. Na mimi, Idrisa, nikaanza kujua vitu. Nilimchotea maji kwenye chemchemi bila kuuliza njia. Mbwa wao, ambaye huwafukuza hata mapadri, alilala miguuni pangu. Siku moja nilinyoosha mkono juu ya mlango wa jikoni nikatoa panga lililofichwa pale, na mama akaendelea kupepeta mchele wake kana kwamba hakuna kitu.

Kisha hali hiyo ikanifuata nyumbani. Nilikuwa naingia kwetu, hapa hapa Hamugembe, mama yangu mwenyewe akacheka.

"Idrisa, mbona unainama? Mlango umeshuka?"

Mimi ni mfupi. Mlango wetu unanipita dhiraa nzima. Nilisimama pale kizingitini nikiwa nimekunja shingo, sikujua nimeanza lini. Mama aliacha kucheka aliponiona uso.

Toka siku hiyo niliogopa jambo moja tu, na ninaliandika wazi: niliogopa kwamba nitaendelea kukaa mahali pa Projestus mpaka pangu papotee, na siku moja mama yangu ataniita Idrisa, nami nisigeuke.

Tulipofika fainali bila kufungwa goli hata moja tangu msiba ule, nilikwenda kwa Sajini. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Niliomba mtu mwingine akae mlangoni. Alinisikiliza akiwa anafuta filimbi yake kwa kitambaa.

"Baada ya fainali," akasema.

"Afande, pale pana mtu."

Nilitegemea anifokee. Hakunifokea. Alinitazama, nikaona kwamba anajua, pengine alijua kabla yangu.

"Mimi sitaki kujua nani anadaka, Karani. Nataka kombe. Mkataba wako unakwisha lini?"

Nikasema mwisho wa mwaka. Akasema vizuri, akarudi kwenye filimbi yake.

Jana, Jumamosi, nilikwenda Izigo. Njiani nilifanya mazoezi ya sentensi moja, kama mtoto anayetumwa dukani. Nilimkuta mama ametandika majani mapya sebuleni na amekiweka kile kiti mlangoni. Sikukikalia. Nilisimama nje, kwenye manyunyu, nikasema:

"Mama, nisamehe. Mimi siye Projestus. Naitwa Idrisa. Ni karani tu."

Nilifikiri ataanguka. Nilifikiri nimemuua mwanawe mara ya pili. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mfiwa.

"Najua, mwanangu. Mimi nimezaa, sijapofuka," akasema. "Asiyejua ni yeye."

Nywele zilinisimama mpaka leo bado nazisikia.

Akanieleza polepole, akichanganya Kihaya na Kiswahili. Siku ile Projestus aliondoka hapo akikimbia, anaogopa kuandikwa mchelewaji. Hakufika. Basi anaendelea kuwahi. Kila siku anawahi kuripoti, anakuta mahali pake, anakaa. Pakiwa na mtu, anakaa na huyo mtu. Mama alikuwa akinilisha mimi ili na yeye ale.

"Mfukuze basi, mama. Wewe atakusikia."

"Mama gani anamfukuza mwanawe, waitu? Nikimwona anakuja nitampikia. Hata miaka mia." Akaninyooshea kidole, cha kumwelekeza mtu kazi. "Aliyempa ruhusa ni wewe. Wewe ndiye mkubwa wa dirisha. Nenda kamwambie."

Mimi, mkubwa. Mimi ambaye nabisha hodi hata kwenye ofisi yangu mwenyewe.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini ya migomba, udongo bado umeinuka na msalaba wa mbao umeanza kuota ukungu. Ilikuwa mchana lakini mle ndani ya kibanja giza lilikuwa la magharibi. Matone yalikuwa yanadondoka juu ya majani makavu. Nilisimama nikasikiliza, na kadiri nilivyosikiliza ndivyo yalivyoacha kuwa matone. Pa. Pa. Pa. Taratibu, kwa mpigo mmoja, kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye glavu.

Mbwa alisimama mbali. Hakutaka kukaribia.

Nilijua kwamba nikimwachia, kesho yake tutafungwa. Nilijua Sajini atajua. Niliwaza mkataba wangu na dawa za mama yangu. Halafu nikagundua kwamba hata pale nilikuwa nimeinama, shingo imekunjwa chini ya jani la mgomba lililokuwa juu kabisa ya kichwa changu. Nikajinyoosha. Nikaweka mikono kama ninavyoiweka dirishani, nikaita jina lake lote, nikamwambia ameripoti, amepokelewa, hakuchelewa. Nikamwambia mlango una Salvatory sasa. Kisha nikamsomea ruhusa, kwa sauti, neno kwa neno, kama ninavyowasomea wote.

Makofi yakakoma.

Matone yaliendelea, lakini yalikuwa matone tu, kila moja na wakati wake. Mbwa akaja akanusa viatu vyangu, akaanza kunibwekea kama mgeni. Mama alinisindikiza mpaka njiani. Aliniita Idrisa. Alilia safari hii, na aliniambia nimsalimie mama yangu.

Leo, kwenye chumba cha wachezaji, sikukaa. Nilibaki nimesimama na mfuko wa jezi. Sajini alipoingia aliona pengo, akanitazama, nami kwa mara ya kwanza sikutazama chini.

"Salvatory," nikasema, "njoo mahali pako."

"Bado pana joto?" akauliza; kumbe naye alikuwa anajua. Wengine hawakuelewa.

"Gusa."

Aligusa ubao kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akashusha pumzi.

"Baridi," akasema. "Ubao tu." Akakaa.

Tulifungwa mawili kwa moja. La kwanza lilipita katikati ya miguu ya Salvatory, goli la aibu, uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, na vijana wetu wote wakageuka kunitazama mimi. La pili aliruka upande usio wenyewe kabisa. Mpira ukaenda upande mwingine. Hapakuwa na mtu.

Sajini alikusanya koni moja moja, kazi ambayo ni yangu, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kaburini. Ndipo Salvatory akaja, tope mpaka kwenye nyusi, akanishika mabega. Nilidhani atanipiga.

Alikuwa anacheka.

"Umeyaona, Karani? Yale magoli mawili? Yangu! Nimefungwa mimi mwenyewe!"

Sijamwona mtu akifurahia kufungwa kiasi kile. Nikacheka naye, tukicheka kama wagonjwa, mpaka nahodha akatuuliza kama tumehongwa na walimu. Nilirudi nyumbani kwa miguu chini ya mvua, nikaingia mlangoni wima. Mama akaniita jikoni kwa jina langu. Niligeuka mara moja.

Ningependa kuishia hapo. Ningelala vizuri.

Lakini nilipokuwa navua viatu nilirudia kimoyomoyo yale niliyoyasema kaburini, kwa sababu nilikuwa najivunia, na ndipo nilipoacha kiatu kimoja mguuni. Nimesema kwamba nilimsomea ruhusa neno kwa neno, kama ninavyowasomea wote. Ndivyo nilivyofanya. Mdomo wangu umezoea. Haukuishia kwenye "umeruhusiwa kuondoka." Ulikwenda mpaka mwisho, kama unavyokwenda kila Ijumaa kwa kila kadeti anayesimama mbele yangu.

"Umeruhusiwa kuondoka. Utaripoti Jumatatu asubuhi."

Nimejiuliza kama waliokufa hushika siku. Nimejiuliza kama nirudi Izigo sasa hivi, lakini mvua inanyesha, na barabara ile nayajua mambo yake. Nimefikiri kusema naumwa. Lakini akija akute dirisha limefungwa, atafanya nini? Atatafuta pa kukaa.

Kesho ni Jumatatu. Nitatangulia kufika. Nitafungua dirisha mwenyewe, nitasimama wima, na chochote kitakachosimama upande wa pili nitakisomea upya, kisha nitafunga mdomo mahali panapostahili.

Mungu anipe sauti.